Lori la Baba Mbele ya Karani wa Kodi

Dereva wetu wa kwanza alikuwa Mzigua mchangamfu kutoka upande wa Saadani, na siku ya kwanza tu alimfanya baba yangu ashindwe kumaliza chakula cha mchana. Alisimama mlangoni, akapiga hodi, akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini:

"Tajiri yupo?"

Baba aliacha tonge hewani. "Nani tajiri?"

"Wewe, tajiri. Mwenye gari si ndiye tajiri?"

"Usiniite hivyo," Baba alinong'ona, macho yakiwa dirishani. "Niite mzee, niite bwana, niite hata we fulani. Hilo jina usilitaje mtaa huu."

"Sawa, tajiri," dereva akasema.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimerudi Bagamoyo kwa likizo ndefu kutoka chuo kikuu huko Kampala, nilikokuwa nasomea fasihi ya Kiingereza, na kwa sababu hiyo nyumbani walidhani najua kila kinachojulikana na serikali. Baba alikuwa mfanyabiashara mdogo. Alinunua mbata, zile nazi kavu, kwa wenye minazi wa Mbegani, akanunua ng'onda, samaki wa kukaushwa, kwa wavuvi wa Saadani, akapeleka Dar es Salaam kwa Wahindi wa jumla. Miaka yote hiyo alipakia mizigo yake kwenye magari ya watu, akilipa nauli na kunung'unika. Kisha mmoja wa wale Wahindi akaamua kuliuza lori lake lililochoka, na Baba, ambaye sijawahi kumwona akinunua hata koti jipya bila kwanza kulizunguka, akalinunua. Lilimeza akiba yake yote pamoja na mkufu wa dhahabu wa Mama. Hatukuwa na kitu kingine. Lori lile likipotea, tumekwisha.

Kodi ya kichwa Baba hakuiogopa. Hiyo ililipwa na kila mwanamume, ukiilipa unapewa stakabadhi na unaachwa. Aliyoiogopa ni ile nyingine, ya mapato, ambayo mtaani kwetu ilieleweka kuwa inakwenda kwa kadiri ya kinachoonekana. Karani anapita, anatazama, anakukadiria. Kwa hiyo mtaa mzima uliishi kimaskini kwa mbele na vizuri kwa nyuma. Ukuta wetu wa barabarani ulikuwa umebambuka plasta na Baba alimkataza mtu yeyote kuugusa, huku uani kuna sakafu ya saruji na kisima chenye mfuniko. Sahani nzuri zilikaa chumba cha ndani kabisa. Hata harusi ya dada yangu ilifanywa kwa namna ambayo mpita njia angeweza kudhani ni hitima.

Lakini lori huliweki chumba cha ndani. Baba alijaribu. Wiki ya kwanza alilificha Mbegani katikati ya minazi, akalifunika kwa makuti. Kuku wa jirani wakataga ndani ya kebini. Na gari lililofunikwa makuti halipeleki mbata Dar es Salaam, jambo ambalo dereva alilieleza kwa upole, kisha akalieleza tena bila upole.

Baba akanigeukia mimi.

"Mwanangu, wewe umesoma. Mtu mwenye biashara ndogo akinunua gari, kodi yake inapanda au inashuka?"

Nilimjibu kwamba sheria za kodi zimejengwa juu ya misingi ya haki.

"Vizuri. Na misingi hiyo inasema inapanda au inashuka?"

Nikasema inategemea.

"Inategemea nini?"

Sikujua inategemea nini. Baba akanitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyemnunua ghali, akavaa kofia yake akatoka.

Karani wa makadirio alikuja siku chache baadaye, baada ya sala ya alasiri. Tulikuwa barazani: Baba, imamu wa msikiti wa mtaa wetu ambaye ni rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani, majirani wawili, na mimi. Lori lilikuwa limesimama mbele ya mlango, limejaa magunia, maana dereva alikuwa amekataa katakata kulirudisha kwenye makuti. Karani alikuwa kijana wa heshima, kaptula yake imenyooshwa, soksi zimefika magotini, na kitabu kikubwa kwapani. Akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, wakamwitikia marahaba, akakaribishwa kahawa, akaikataa kwa shukrani. Kisha akaligeukia lori.

"Samahani wazee wangu. Gari hili ni la nani?"

Nilikuwa nimekaa karibu na Baba kiasi cha kusikia kikombe chake kikigongana na meno. Majirani waliangalia chini, kwa adabu ya mtaa wetu: mali ya mtu huisemei mbele ya serikali. Karani akarudia swali, safari hii akimtazama Baba.

"La msikiti," Baba akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mtu mwingine. "Nimeliweka wakfu."

Karani alifungua kitabu, akapitisha kidole juu ya safu moja hadi nyingine, akakosa pa kuandika. Akakifunga, akawaaga wazee, akaenda zake nyumba ya pili.

Mimi nilitaka kucheka. Nilikuwa bado sijaelewa. Nilipomtazama imamu niliona machozi yamemlenga. Alikuwa ameinua mikono.

"Allah akutakabalie, ndugu yangu. Msikiti wetu haujapata wakfu tangu babu zetu."

"Amina," majirani wakasema.

"Amina," Baba akasema. Angesema nini? Karani alikuwa hatua chache tu kutoka pale, bado anabisha hodi kwa jirani.

Kwa asiyezijua taratibu zetu, niseme hivi: mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala hairudi kwa aliyeitoa. Faida yake ni ya msikiti. Anayekula mali ya wakfu, kwa mafundisho tuliyolelewa nayo, anakula moto. Baba alikuwa amemkimbia karani mwenye soksi akaangukia huko.

Nyuma ya pazia sauti ya Mama ilisikika, taratibu sana: "Na mkufu wangu nao umekuwa wakfu?"

Ijumaa ile Baba aliombewa dua baada ya hutuba, kwa jina lake na la baba yake. Alirudi nyumbani amekuwa wa rangi ya majivu. Imamu alikuwa amemwambia aendelee kuliendesha lori yeye mwenyewe kwa kuwa ndiye anayejua biashara, na hesabu wataizungumza baada ya mfungo, hakuna haraka baina ya ndugu. Ukarimu ule ulimmaliza. Angetendewa ukali labda angepata pa kushikilia.

Mtaani lori likawa "gari letu". Watu walipanda bila kuuliza nauli, na vikapu vyao, na mbuzi wao, wakimwombea Baba heri wanapokanyaga gurudumu kupanda. Jeneza la mtaa wa jirani lilibebwa. Maharusi walibebwa. Dereva, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa ameacha kumwita Baba tajiri, sasa alimwita "msimamizi", na Baba alilichukia neno hili kuliko lile.

Fedha iliyopatikana kwa mbata na ng'onda aliitia kwenye debe la mafuta ya taa lililosafishwa, akaliweka juu ya kabati, asiliguse. Tulikula kwa maandazi aliyouza Mama. Debe likazidi kuwa zito na sisi tukazidi kukonda. Baba akaanza kusali msikiti wa mbali, upande wa pili wa mji, ili asikutane na shukrani. Mlio wa gari lolote la serikali barabarani ulimfanya aingie chooni. Mlio wa bakora ya imamu ukikaribia ulimfanya aingie chooni vilevile. Alikuwa na umri ambao ninao mimi sasa, na ninapoandika haya ninaona jinsi alivyokuwa bado kijana kwa woga mkubwa namna ile.

"Mwambie imamu kweli," Mama alimwambia siku moja, akikanda unga.

"Nikimwambia, mtaa mzima utajua. Mtaa ukijua, boma limejua. Nimemdanganya mtu wa serikali, mke wangu. Wanafunga kwa hilo."

"Basi nyamaza, lori liende."

"Na nyinyi mle nini?"

"Basi sema."

"Nimekwambia wanafunga!"

Mama alipiga donge la unga kwenye sinia. "Yaani Mungu na Mzungu wamekushika huku na huku, na wewe unanifokea mimi."

Baba akanitazama mimi, kwa mazoea tu, bila matumaini. Nikasema kwamba hali yake inafanana na tamthilia fulani za kale. Hakuna aliyeniuliza zipi.

Mwisho wa masika tulikwenda Saadani kuchukua ng'onda. Baba alikaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia pamoja na abiria wa bure, wengi wao wanawake wachuuzi wa samaki. Wakati wa kurudi tulifika mto Wami maji yakiwa juu, mekundu, yanabeba magogo. Siku zile gari lilivushwa kwa pantoni, jukwaa la mbao lililovutwa kwa kamba. Tulivuka salama. Ni pale lori lilipokuwa linapanda ukingo wa upande wetu ndipo mambo yalipoharibika. Magurudumu ya mbele yalishika udongo, ya nyuma yakiwa bado kwenye mbao. Uzito ukaisukuma pantoni nyuma, kamba ikalegea, na ufa wa maji ukafunguka chini yetu. Injini ikazimika.

Nilitazama chini kupitia nafasi ya bodi nikaona maji yakipita. Juu kidogo ya mto viboko walikuwa wanapuliza. Lori lilianza kuinama nyuma, polepole, kama mtu anayekaa. Wanawake walipiga yowe. Mimi, ambaye nilikuwa nimeandika insha ndefu kuhusu ujasiri wa mashujaa mbele ya mauti, nilijikuta nimelikumbatia gunia la ng'onda na kufumba macho.

Ndipo nikamsikia Baba. Alikuwa ametoka nusu mwili dirishani, kofia imeanguka, mikono juu.

"Ee Mola wangu! Si wakfu! Sikukupa! Nilimdanganya karani kwa kuogopa kodi! Usiwaue watu hawa kwa uongo wangu!"

Aliisema mara mbili, ya pili kwa nguvu zaidi.

Waliokuwa wanavuta kamba walijitupa matopeni wakaikaza. Wanawake waliruka ukingoni mmoja baada ya mwingine, bodi ikawa nyepesi. Dereva akakanyaga, injini ikakohoa, ikakamata, na lori likapanda likirusha tope hadi kwenye matawi. Lori likatulia juu. Dereva aliegemea usukani. Baba alikaa chini kwenye tope, miguu imenyooshwa, kama mtoto.

Kisha mama mmoja mchuuzi, akipangusa kanga yake, akauliza:

"Sasa Baba, hii nauli tunalipa au hatulipi?"

Wengine walicheka hadi wakalia. Baba hakucheka. Tulifika Bagamoyo jioni, na kwa jinsi wale wanawake walivyotawanyika kwenye vichochoro, sote tulijua habari itakuwa bomani kabla ya chai ya asubuhi.

Asubuhi Baba alivaa kanzu safi, akafunga shati na mswaki wa kupigia meno ndani ya kitambaa kwa ajili ya jela, akamwomba Mama radhi. Mama alimpa radhi, akamkumbusha pia achukue kikoi cha kulalia. Mimi nilikwenda kama mkalimani. Siku ile alikuwapo ofisa wa kodi ya mapato aliyekuja kutoka Dar es Salaam, Mzungu mwembamba mwenye mafua. Baba alisimama mbele ya meza yake akasema yote, tangu mkufu mpaka mto. Nilitafsiri kadiri nilivyoweza. Mahali pengine nilitafuta neno la Kiingereza la wakfu nikalikosa.

Ofisa alipenga kamasi. Akamwita karani. Karani akasema hakuandika lolote, maana kitabu hakikuwa na safu ya msikiti.

"Mwulize," ofisa akaniambia, "kwa nini alificha gari la biashara?"

Nikauliza. "Kwa sababu lingeongeza kodi," Baba akasema.

Ofisa aliweka kalamu chini. Kisha akaeleza, na mimi nikatafsiri sentensi baada ya sentensi, nikijifunza wakati uleule na baba yangu. Kodi inatozwa kwenye faida. Gari la biashara linachakaa kila mwaka, na sehemu ya bei iliyochakaa inaondolewa kwenye faida kabla ya kukadiria. Petroli inaondolewa. Matairi yanaondolewa, na mshahara wa dereva. Leseni ya kubeba mzigo wako mwenyewe ni nyingine na ya kubeba mizigo ya watu kwa nauli ni nyingine, achague mapema. Safari za nyumbani hazihesabiwi. Kwa biashara ndogo kama yake, miaka ya mwanzo ya lori huenda asidaiwe kitu kabisa.

"Mwulize," Baba akaniambia kwa sauti ndogo, "na mazishi?"

Ofisa alifikiri. "Mazishi ni ya nyumbani," akasema.

Tulitoka nje. Baba alisimama kwenye ngazi za boma na kile kifurushi chake cha jela mkononi, akaniuliza kama nina hakika nimetafsiri sawasawa. Nikasema nina hakika. Akaniuliza tena. Kisha uso ukamkunjuka, nikamwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu lori liingie nyumbani. Nilidhani yamekwisha.

Imamu alikuwa anatungoja barazani. Hakuwa na hasira. Aliinuka kwa kuegemea bakora.

"Ndugu yangu, nimesikia uliyoyasema mtoni. Mali yako siitaki. Lakini lile neno la barazani nililisikia kwa masikio yangu haya. Nikiliacha hivihivi, kesho akhera nitaulizwa mimi."

Wakaenda kwa kadhi, na mimi nyuma yao. Kadhi aliwasikiliza wote wawili, akasema wakfu ni neno pamoja na nia. Neno lina mashahidi. Nia anaijua mwenyewe na Mola wake. Baba aweke mkono juu ya Msahafu, aape kwamba siku ile hakunuia kulitoa lori, alichukue aende nalo. Hakuna atakayemdai.

Msahafu uliletwa, umefungwa kwenye kitambaa cha kijani.

Lazima mtu awe amekulia kwetu kuelewa ukimya ulioingia mle ndani. Wazee wa pwani hawaapi. Nimeona mtu akiacha shamba la minazi la haki yake, mpaka wake unajulikana na kila mtu, kwa sababu tu aliambiwa aape. Wanasema bora kupoteza mali kuliko kuweka mkono pale na kumbe kuna herufi moja haiko sawa. Lakini hili lilikuwa jambo la wazi! Nilimwinamia Baba sikioni.

"Baba, apa. Ni kweli tupu. Hukunuia."

Mkono wake ulipanda. Ulifika usawa wa kifua, ukasimama pale, vidole vimefunguka. Niliona hofu ambayo sikuiona hata kule Wami, kwa maana kule alikuwa anapiga kelele na hapa alikuwa kimya. Kisha mkono ukashuka.

"Lichukueni," akasema.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa na hasira kiasi cha kushindwa kutembea sambamba naye. Mwishowe nikamwuliza kwa nini.

"Ningeapa sikunuia," alisema, "na nilijuaje? Siku ile nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilipotaja msikiti, moyo ulitulia. Kidogo hivi, kama kufumba na kufumbua. Sasa ule utulivu ulikuwa nini? Uongo hautulizi moyo. Pengine kwa dakika ile nilimpa kweli."

"Na mtoni?"

"Mtoni nilikuwa naogopa vilevile. Nichukue woga upi niuapie?"

Jibu la swali hilo sijalipata mpaka leo, ingawa nimeshalipwa mishahara mingi kwa kufundisha watu kufikiri.

Mama alipoambiwa alijishika shingo, pale palipokuwa mkufu. Kisha akasema thawabu za mkufu ni zake peke yake, Baba asimwingilie. Debe la fedha lilipelekwa msikitini, na imamu, baada ya kushauriana na kadhi, akamrudishia Baba nusu yake kuwa ujira wa kazi. Kwa nusu ile Baba alianza tena kununua mbata.

Wiki iliyofuata nilimsaidia kupakia magunia kwenye lori lilelile, dereva yuleyule, nauli sasa ikipokelewa na mtunza hazina wa msikiti. Baba alilipa, akabaki amesimama na mkono wazi.

"Kuna nini tena, shehe?" mtunza hazina akauliza.

"Risiti."

"Risiti ya nini? Sisi Wahindi?"

"Nauli ya mzigo wa biashara inaondolewa kwenye faida," Baba alisema. Akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake, akameza mate, akamalizia kwa sauti iliyosikika mpaka baraza ya pili: "Ni kwa ajili ya kodi."